Sura ya 6: Honi, Santuri na Sauti ya Makanga

Steji ya Olenguruone siku ya soko husikika kabla haijaonekana. Makanga anagonga bodi ya matatu kwa kiganja huku akiita, "Keringet, Molo, Nakuru! Wawili twende!" ingawa ndani viti saba bado vitupu. Probox inajipenyeza ikipiga honi fupifupi. Redio ya duka la dawa za mifugo inatangaza kwa Kikalenjin. Mama muuza viazi anajibizana bei na mteja kwa Kikuyu, kisha anamgeukia mwingine kwa Kiswahili bila hata kupumua. Na nyuma ya yote hayo kuna lori la majani chai linalopanda mlima kwa gia nzito.

Kijana aliyekulia kwenye sauti hizo akifungua gemu ya basi kwenye simu, macho yake hupata anachokitaka. Basi la Bus Simulator Indonesia, gemu iliyotolewa na studio ya Maleo mwaka 2017, limeshavishwa na wachezaji wa Kenya rangi za mabasi yetu, namba zetu, maandishi yetu ya kioo cha mbele na michoro ya pembeni. Kazi hiyo ya rangi imefanywa kwa ustadi mkubwa. Lakini akikanyaga mafuta, injini inayonguruma ni ya kwingine, honi ni ya kwingine, na mlangoni hakuna mtu anayeita abiria.

Waindonesia wenyewe walilijua jambo hili mapema. Mwaka 2016 watoto wao waliokuwa wakisimama kandokando ya barabara wakiwaomba madereva wa mabasi wapige honi zenye vinanda walijulikana dunia nzima kupitia video za simu. Gemu yao ikatoka mwaka uliofuata, na honi hizo zimo ndani yake kwa sababu kwao basi bila honi ile si basi. Sisi tumelipaka basi hilo rangi zetu na kuwaachia sauti yao. Sura hii inahusu kuimalizia kazi hiyo: namna ya kuugeuza muziki uingie ndani ya gemu, na namna ya kurekodi sauti za watu ili zifanye kazi humo. Nitaeleza programu na faili, lakini nasema tangu sasa kwamba programu si kiini cha shughuli hii. Modi nzuri ya sauti, yaani badiliko ambalo mchezaji mwenyewe hulitengenezea gemu, huamuliwa mtu anapofungua kinywa mbele ya kinasa sauti, na aliyefungua kinywa hicho ana haki juu yake.

Tuanze na milango, maana si kila gemu hukuruhusu kuingia.

Grand Theft Auto: San Andreas ilifika kwenye kompyuta mwaka 2005 na bado inachezwa Kenya kwa kuwa haidai mashine ya bei. Ndani ya folda ya nyaraka za mchezaji huwa kuna folda ndogo iitwayo User Tracks. Weka humo nyimbo za MP3, WAV au Ogg, fungua gemu, nenda kwenye mipangilio ya sauti uiamuru ipekue folda, na gari lolote lenye redio utakaloingia litakuwa na stesheni yako. Ukichagua mtindo wa redio, gemu huchomeka matangazo yake yenyewe katikati ya nyimbo zako, kwa hiyo gitaa la mwanamuziki wa Kikalenjin, Kipchamba arap Tapotuk, linaweza kufuatwa na tangazo la biashara ya Kimarekani. Huo ndio mlango mpana kuliko yote, na anayeanza aanzie hapo.

Vice City, iliyotangulia, ilifunga redio zake kwenye faili zenye kiishio cha adf. Wapekuzi waligundua kuwa ndani yake ni MP3 za kawaida, ila kila baiti imefanyiwa hesabu ya XOR kwa namba 34. Rudia hesabu hiyohiyo na muziki unakuwa wazi. Ifanye juu ya wimbo wako na gemu itaupokea kama wake. San Andreas nayo ilizifunga redio zake rasmi, ambazo ni Ogg, kwa ufunguo wa baiti 16, na ndiyo sababu kukatengenezwa vifaa maalumu vya kuzifungua na kuzifunga upya.

Euro Truck Simulator 2, gemu ya malori iliyotolewa na SCS Software ya Ucheki mwaka 2012, ni karimu zaidi. Ina folda ya muziki, na pia ina faili ya maandishi iitwayo live_streams.sii ambayo huorodhesha vituo vya redio vinavyorushwa kwenye intaneti. Kila mstari una anwani ya kituo, jina, aina ya muziki, lugha na kasi ya data, vikitenganishwa kwa vijiti vilivyosimama. Mtu wa Olenguruone mwenye bando la intaneti anaweza kuongeza mstari wa kituo cha Kikalenjin anachosikiliza kila siku na kuendesha lori kutoka Ujerumani hadi Poland akisikiliza habari za kwao. Sauti za injini ndizo ngumu. Tangu toleo la 1.37 la mwaka 2020 gemu hiyo hutumia mfumo wa FMOD, ambao hufunga sauti kwenye mabunda yanayotengenezwa kwa programu yake maalumu. Programu hiyo inapatikana bure kwa anayejifunza, lakini inataka subira.

Sasa faili zenyewe. Hapa nitakaa, kwa sababu modi nyingi huharibikia hapa na mwenyewe asijue kwa nini.

Sauti ya WAV yenye ubora wa CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikichukua biti 16, kwa njia mbili za stereo. Zidisha na utapata baiti 176,400 kwa sekunde moja, yaani zaidi kidogo ya megabaiti 10 kwa dakika. MP3 ya kilobiti 128 huchukua chini ya megabaiti moja kwa dakika hiyohiyo. Tofauti hiyo haikutoka hewani. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani na wenzao walitengeneza njia ya kutupa sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu huzikosa zinapofunikwa na sauti nyingine kubwa zaidi. Kiishio cha mp3 walikichagua mwaka 1995. Kilichotupwa hakirudi. Ukiigeuza MP3 kuwa WAV unapata faili kubwa yenye upungufu uleule. Ukiigeuza tena kuwa Ogg, mtupaji wa pili anaanza kukata kwenye kilichobakizwa na wa kwanza. Ni sawa na kuchemsha majani ya chai yaliyokwisha kutoa rangi. Wimbo uliopakuliwa kutoka kwenye video ya mtandaoni, ukageuzwa MP3, ukatumwa kwa simu, ukageuzwa Ogg kwa ajili ya gemu, matoazi yake husikika kama maji ya bomba, na hakuna kitufe cha kuyarudisha.

Kanuni inayofuata hapo ni fupi: geuza mara moja tu, kutoka kwenye nakala bora uliyo nayo.

Mbona studio nyingi za gemu hupendelea Ogg Vorbis? Sababu ya kwanza ilikuwa pesa. MP3 ilikuwa na hataza, na watengenezaji wa gemu walidaiwa ada. Hataza za Marekani ziliisha mwaka 2017. Ogg Vorbis ya shirika la Xiph.Org, iliyofikia toleo lake la kwanza kamili mwaka 2002, ilitolewa bure kwa kila mtu. Sababu ya pili huisikii mpaka ufanye kazi ya injini. MP3 hukata sauti katika vipande vya sampuli 1,152, yaani kama milisekunde 26 kila kimoja, na programu inayoibana huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni ili vipande vijae. Kwenye wimbo wa dakika nne hakuna anayeona. Lakini ngurumo ya injini kwenye gemu ni kipande cha sekunde mbili au tatu kinachojirudia bila kikomo. Ukikiweka kwa MP3, kila kinapoanza upya kuna pengo jembamba, na basi lako linakwenda likikwaruza koo kila baada ya sekunde tatu mpaka Nakuru. Ogg haina tatizo hilo, wala WAV.

Jambo jingine linalowapotosha wengi ni stereo. Sauti inayotoka mahali fulani ndani ya gemu, kama honi ya gari linalopita au mtu anayeita mlangoni, lazima iwe mono. Gemu ndiyo inayohesabu umbali na upande, kisha kuigawa kwenye spika za kushoto na kulia. Ukiipa stereo, gemu nyingi huicheza kwa nguvu ileile popote ulipo, na makanga aliyebaki steji anaendelea kukuita sikioni kilomita mbili mbele. Stereo iache kwa muziki.

Kwa kugeuza, Audacity inatosha watu wengi. Ni ya bure, imekuwepo tangu mwaka 2000, na huonyesha sauti kama mchoro unaoweza kuukata kwa macho. Mwenye faili nyingi atumie FFmpeg, ambayo haina madirisha wala vitufe, huandikiwa amri:

ffmpeg -i honi.wav -ac 1 -c:a libvorbis -q:a 5 honi.ogg

Amri hiyo inasema: chukua honi.wav, ifanye njia moja, ibane kwa Vorbis kwa ubora wa kiwango cha 5, na iite honi.ogg. Ukishazoea, faili 200 hugeuka wakati unakunywa chai. Kabla ya kubadilisha chochote ndani ya folda ya gemu, nakili faili za awali kando. Na jina la faili mpya lifanane na la zamani herufi kwa herufi, maana gemu haisomi nia yako.

Tuje kwenye muziki wenyewe. Watu wa upande huu wa Bonde la Ufa wana bahati ambayo hawaitumii vya kutosha. Mjini Kericho, kampuni ya Chandarana ilikuwa na duka na studio, na kutoka humo zilitoka santuri za wanamuziki wa Kikalenjin na wa magharibi mwa Kenya, zile ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Kipchamba na bendi yake ya Koilong'et ni wa kizazi hicho. Sehemu ya muziki huo imeshafika mtandaoni kwa ubora hafifu. Sehemu nyingine bado imo kwenye santuri na kanda ndani ya makabati, kuanzia Litein hadi Keringet.

Santuri huingizwa kwenye kompyuta hivi. Wakati wa kuchongwa, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kwa kipimo kilichokubaliwa tangu miaka ya 1950, ili mfereji usiwe mpana mno na mkwaruzo usisikike sana. Kwa hiyo kati ya mashine ya kuchezea na kompyuta lazima kiwepo kikuza sauti cha santuri kinachogeuza kipimo hicho kinyume. Bila hicho, wimbo unaingia ukiwa mkavu, hauna tumbo, na watu humlaumu mwanamuziki. Safisha santuri kwanza. Rekodi kwa biti 24 kama kadi yako ya sauti inaweza, uhifadhi WAV, ndipo ufikirie mibofyo ya vumbi. Kwa kanda za kaseti, safisha kichwa cha mashine kwa spiriti na pamba, peleka kanda mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja kabla ya kuicheza ili isikwame, na ukiona utepe umekunjamana usilazimishe.

Anayedhani kurekodi sauti za nchi hii ili zikae ni jambo jipya na asikilize habari ya Kapkatet. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika hapo Kapkatet, Kericho, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba pamoja na kinubi cha chepkong wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika vijijini kwa gramafoni. Katika maelezo ya Tracey, wasichana walimwazia Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala. Sauti ya gitaa ilivuka bahari, ikageuzwa na wasichana wa Kapkatet kuwa yao, ikarudi duniani kwa utepe wa Tracey. Baadaye, katika miaka ya 2010, maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954 ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells kurudisha nakala za dijitali kwa watu wa Kapkatet, na baadhi ya walioimba au jamaa zao wakasikia rekodi hizo. Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla ya sauti kurudi nyumbani. Iliwezekana kwa sababu mtu aliandika mahali, mwaka na majina, na kwa sababu utepe ulitunzwa. Kila anayetaka kuchomeka wimbo wa Kikalenjin ndani ya gemu ni mrithi wa kazi hiyo, hata kama hajawahi kusikia jina la Tracey.

Kurekodi sauti za watu ndiko kugumu, na Olenguruone ina ugumu wake. Mji uko juu, ukingoni mwa Msitu wa Mau, na mvua haikosi. Nyumba nyingi ni za mabati. Tone la kwanza likigonga, kazi imekwisha, maana hakuna programu inayoweza kutenganisha mvua ya mabati na sauti ya mtu bila kumfanya azungumze kana kwamba yumo ndani ya pipa. Hata bila mvua, chumba kitupu cha kuta za saruji kina mwangwi, na mwangwi nao hauondoki. Panga kazi ya asubuhi. Tafuta chumba kidogo kilichojaa vitu laini: stoo yenye magunia ya viazi yaliyopangwa hadi dirishani, au chumba cha kulala chenye godoro lililosimamishwa ukutani na blanketi mbili nzito juu ya kamba. Zima friji. Simu iwekwe katika hali ya ndege, la sivyo katikati ya mstari bora kuliko yote itaingia meseji.

Makanga hawi makanga akikaa kwenye kiti. Mwache asimame, mkono mmoja juu kama ameshika reli ya mlango, na umpe mtu wa kuitwa upande wa pili wa chumba. Anapoita kwa nguvu, kinasa sauti kiwe mbali naye kama mita moja na kidogo upande, si mbele ya pumzi yake. Akizungumza na abiria wa karibu, kisogee hadi shubiri moja. Tazama mita: kilele cha sauti kisipite desibeli 6 chini ya kikomo. Sauti ikigonga kikomo, kichwa chake hukatwa bapa, na mkwaruzo wake hubaki humo milele. Acha sekunde tano za ukimya wa chumba mwanzoni. Audacity itazitumia kuujua uvumi wa chumba na kuupunguza. Punguza kidogo tu. Ukizidisha, sauti inakuwa ya majimaji, na afadhali uvumi.

Andaa orodha ya maneno, lakini usimpe karatasi aisome. Mwambie hali, naye ataleta maneno yake. Gari tupu, jua linawaka: "Nakuru, Nakuru, mtu mbili tu!" Gari limejaa: "Songeni nyuma, kuna nafasi." Abiria ametoa noti ya 1,000: "Mama, huna ya kushikana?" Mzee anapanda: hapo utasikia sauti ile ile ikishuka na kulainika, "Pole pole mzee, chunga kichwa," na pengine salamu ya "Chamgei" ikitangulia. Mabadiliko hayo ya sauti hayatungiki mezani. Kila neno lisemwe mara tatu au nne kwa nguvu tofauti, na zote uziweke, uipe gemu ichague bila mpangilio. Mchezaji atapita steji mara nyingi kwa saa moja, na akisikia tamko lilelile kila mara ataizima modi yako kufikia jioni. Faili zipe majina yanayoeleweka: molo_tupu_01, molo_tupu_02, mzee_anapanda_01. Ukifika faili 80 utashukuru.

Usikubali kutumiwa sauti kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ujumbe huo hubanwa kwa Opus kwa kiwango cha mazungumzo ya simu, na kingo za sauti huwa zimeshakatwa. Mwambie mwenzako arekodi kwa programu ya kurekodi iliyo kwenye simu, kisha aitume faili yenyewe kama hati. Hapo inafika kama ilivyo. Simu za kitambo zilizorekodi kwa AMR hupima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde, kwa hiyo hakuna kinachosikika juu ya hezi 4,000, na herufi s na f hufanana. Kwa gemu kongwe kama Counter-Strike, ambayo maneno yake ya redio ni faili za WAV ndani ya folda iitwayo radio, hezi 22,050 za mono hutosha kabisa kwa maneno. Rekodi juu zaidi hata hivyo, ushushe baadaye.

Tuna walimu wa kazi hii karibu nasi. DJ Afro amewafundisha Wakenya kwamba filamu ya Hong Kong au ya Bombay inaweza kuzungumza kwa sauti ya mtaa wa Nairobi, na vibanda vya video vilijaa kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya waigizaji. Tanzania, Lufufu alifanya hivyo kabla, na Uganda wapo wengi. Msikilize mmoja wao kwa makini na utasikia kwamba hatafsiri. Anaacha mlio wa risasi upite, anaingia kwenye nafasi, anatoka kabla ya mlio unaofuata. Mtengeneza modi anahitaji sikio hilohilo.

Sasa haki. Mwaka 2018 Grand Theft Auto IV ilifikisha miaka kumi, leseni za nyimbo zake nyingi zikaisha, na kampuni ikaziondoa kwa sasisho moja. Redio ya Kirusi iitwayo Vladivostok FM ndiyo iliyoumia zaidi. Kampuni yenye mabilioni haikuwa imezinunua nyimbo hizo. Ilikuwa imezikodi. Kijana mwenye kompyuta kuukuu hana haki kubwa kuliko hiyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda utunzi wa muziki kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na rekodi yenyewe kwa miaka 50. Ni vitu viwili tofauti: santuri ya mwaka 1970 inaweza kuwa imemaliza muda wake kama rekodi huku utunzi ukiwa bado ni mali ya familia ya mtunzi. Nyimbo za jadi nazo si za kuokotwa. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inazitambua kuwa ni za jamii, na Waogiek wa Mau, ambao kila mgeni hutaka kurekodi nyimbo zao za asali na msitu, wana haki ya kuulizwa na kukataa. Kusikiliza wimbo ulioununua kwenye folda yako ya User Tracks ni jambo lako na nyumba yako. Kuufunga ndani ya modi na kuusambaza kwa watu ni jambo jingine, na hapo uliza kwanza. Wanamuziki wengi wa kizazi kipya wataruhusu kwa furaha mradi jina lao liwepo.

Makanga naye aulizwe. Mweleze gemu ni nini, sauti yake itasikika wapi, kwamba faili ikishatoka hairudishwi, na umlipe muda wake. Asubuhi aliyokupa ni asubuhi ambayo hakubeba abiria.

Na kuna neno moja kuhusu Olenguruone yenyewe ambalo siwezi kulipita. Ardhi hii ina historia nzito. Serikali ya kikoloni iliwaweka hapa Wakikuyu mwanzoni mwa miaka ya 1940, ikawafukuza miaka michache baadaye, wengi wakapelekwa Yatta. Ghasia za mwaka 1992 na zile za 2007 na 2008 zilizikimbiza familia kutoka mashambani humu na katika Kuresoi yote. Utani wa kikabila wa mlangoni mwa matatu, ambao watu wanaofahamiana huvumiliana nao, ukiwekwa kwenye faili unatoka bila uso, bila tabasamu na bila jirani. Unamfikia mtu usiyemjua, akiwa peke yake na spika zake. Uache nje. Lugha ziwe nyingi, kama steji ilivyo: Kikalenjin, Kikuyu, Kiswahili, Kikisii. Lawama ya chenji na ubishi wa nauli vinatosha kuchekesha mtu yeyote.

Modi ikishamalizika, gemu itabadilika toleo na faili zako za Ogg zitakataliwa siku moja. Hilo ni la hakika. Kitakachobaki na thamani ni WAV za mwanzo. Zitunze sehemu mbili, moja nyumbani na nyingine kwa mtu mwingine, pamoja na faili ndogo ya maandishi yenye jina la aliyezungumza au kuimba, mahali, tarehe, lugha na alichokuruhusu. Na kama nyumbani kwenu, Olenguruone, Kiptagich au Keringet, kuna kanda ya babu akiimba au santuri ya Kericho iliyolala kabatini, usingoje kupata gemu inayofaa. Tafuta mashine ya kuichezea mwezi huu, irekodi kwa ubora wa juu kabisa unaoweza, na uandike jina lake wakati bado yupo mtu wa kukuambia.